Beki tatu wa Hollywood

Wameksiko wa kwanza niliowaona maishani walikufa wote. Nilikuwa darasa la nne, Tanga, kwenye kibanda umiza chenye benchi mbili, na steringi Mzungu aliwamaliza kwa bastola moja bila kuongeza risasi. Kofia pana, masharubu, jasho. Hakuna aliyekuwa na jina. Baadaye zikaja tamthilia za kwao, tukazitazamia kwa jirani, na nchi ileile ikawa imejaa watu weupe wanaolia kwenye majumba ya kifahari, kwa Kiingereza kisichofuata midomo yao. Wenye rangi ya maji ya kunde walikuwa jikoni. Hatukujiuliza kitu, tulikuwa tunasubiri harusi.

Sasa niko Houston, mwaka wa sita, nasafisha vyumba hotelini. Mwenzangu wa ghorofa ya tatu ni mama mmoja wa Michoacán, jimbo la Meksiko, makamo ya mama yangu mdogo. Mimi namwita Doña, yeye ananiita mijo, yaani mwanangu. Kihispania changu chote nimekipata kwake, matusi yakiwemo.

Wageni wakiondoka huacha TV inawaka. Juzi tumeingia chumba kimoja tukakuta sinema: jumba kubwa, mwenye nyumba anaongea na simu, na nyuma yake anapita beki tatu wa Kilatino ameshika kifagio cha manyoya. Akaitikia "ndiyo, bibi", akatoka. Basi, ndiyo kazi yake yote humo. Doña alikuwa anapiga kona ya shuka. Akaacha.

"Miaka kumi na tisa hakuna aliyenipa manyoya," akasema. "Halafu mwangalie mgongo. Haumuumi."

Nikamtajia Lupe Ontiveros. Nilikuwa nimesoma habari zake usiku mmoja nilipokosa usingizi: mzaliwa wa El Paso, hapahapa Texas, amesoma chuo kikuu, alikuwa ofisa ustawi wa jamii kabla ya kuigiza. Alikadiria kuwa ameigiza hausigeli mara zaidi ya 150. Mia na hamsini! Na alisimulia kwamba akienda kwenye usaili na Kiingereza chake kilichonyooka, nafasi anaikosa. Walikuwa wanataka kile cha kuvunjikavunjika, kwa hiyo mtu alilipwa kwa kujifanya hajui lugha aliyozaliwa akaikuta.

Nilitegemea Doña amhurumie. Wapi! "Huyo ndiye aliyemuua Selena!" Kumbe kwake Lupe si hausigeli hata kidogo, ni yule muuaji wa kwenye filamu ya 1997 ya maisha ya Selena, mwimbaji Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Na Selena hapa Houston usimguse. Februari 1995 aliujaza uwanja wa Astrodome, mwezi uliofuata akapigwa risasi. Doña anasema alikuwepo usiku ule. Hajamsamehe Lupe mpaka leo, na Lupe alishafariki tangu 2012.

Kinachomuudhi zaidi ya manyoya ni rangi. Kuna filamu ya mwaka 2000, Traffic, ambayo kila ikivuka mpaka kuingia Meksiko picha inageuka njano, kama vile jua la kule lina homa ya ini. Tangu hapo nimeuona ujanja huo kwenye sinema kibao. Doña anatoka kwenye milima ya maparachichi. Amenionyesha picha za kwao kwenye simu: kijani mpaka macho yanauma, na mvua.

Akachukua rimoti, akazima. Tukabadilisha foronya kimya kimya, kisha akauliza: "Na nyinyi Waafrika, kwenye sinema huwa mnafanya nini?"

Nikafikiri kidogo. "Tunakimbia."

"Mnamkimbia nani?"

"Inategemea. Simba, au Mwafrika mwingine mwenye bunduki."

Alicheka mpaka akajibwaga juu ya kitanda tulichokuwa tumeshakimaliza, ikabidi tukitandike upya.