Uchanja wa Bibi

Wakati ule watoto walikuwa wameshinda nyumbani tangu Machi kwa sababu ya korona, nami nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha chakula. Jumatatu ya tarehe 10 Agosti 2020 nilitoka kazini asubuhi, nikaoga, nikalala. Cedar Rapids, jiji letu katika jimbo la Iowa, mwezi wa Agosti ina joto ambalo ndugu zangu walioko Kigoma hawakuwahi kuliamini. Wao wanajua Marekani ni theluji. Lakini Iowa imezungukwa na mahindi pande zote, na mahindi yakishakua marefu, yakiwa bado mabichi, yanatoa mvuke mwingi hewani, hewa inakuwa nzito hadi shuka linaganda mwilini. Siku ile ilikuwa hivyo, na hakuna hata jani lililotikisika.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyeniamsha. "Mama, nje kumekuwa usiku." Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Upande wa magharibi mbingu zilikuwa nyeusi zenye rangi ya kijani kwa chini, na king'ora cha jiji kilikuwa kimeanza kulia. Simu yangu haikutoa onyo lolote. Nilibeba mdogo, wakubwa wakanifuata, tukashuka ngazi hadi chumba cha kufulia nguo, ambacho kipo nusu chini ya ardhi.

Tuliwakuta majirani wengi wameshafika. Jengo letu lilikuwa la watu kama sisi: Wakongo wa Fizi na Uvira, Warundi, Wanyarwanda wachache, wengi tuliopitia kambi za Kasulu na Kibondo, na familia mbili tatu za Wamarekani. Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitenge begani. Hakuwa bibi wa mtu mmoja pale. Sote tulimwita hivyo. Alizaliwa Fizi, akavuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita, akaishi kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Iowa na mwanawe.

Upepo niliouzoea mimi huja kwa mafungu: unavuma, unapumzika, unavuma tena. Ule haukupumzika. Ulisukuma kutoka upande mmoja tu, kwa karibu dakika 45, na jengo zima likawa linalalamika. Tulisikia vioo vikipasuka ghorofa za juu, kisha kitu kizito kikiburutwa juu ya vichwa vyetu. Maji yalianza kutiririka kwenye ngazi, yamebeba vipande vya ile sufi ya waridi inayowekwa juu ya dari ili kuzuia baridi. Bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bati limeenda." Alikuwa anazungumzia paa. Na kweli, tulipotoka, nusu ya paa ilikuwa imelala kwenye maegesho juu ya magari.

Wataalamu wa hali ya hewa wanaiita derecho. Si kimbunga cha kuzunguka, ni safu ndefu ya mvua za radi zinazosafiri pamoja. Mvua inapoza hewa, hewa ya baridi inaporomoka chini na kutawanyika mbele kwa nguvu, na inapokutana na joto lenye unyevu inaliinua na kuzaa mvua nyingine, hivyo safu inajilisha yenyewe njiani. Ile ya kwetu ilianzia South Dakota asubuhi, ikapasua Iowa katikati, ikavuka Illinois na kuingia Indiana. Zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa 14 hivi. Pale Atkins, mji mdogo magharibi mwetu, kipimo kilisoma kilomita 203 kwa saa. Baadaye waliokuja kukagua walikadiria kwamba ndani ya Cedar Rapids upepo ulifika kilomita 225 kwa saa, na walifikia makadirio hayo kwa kutazama fleti zilizobomoka kusini-magharibi mwa jiji. Ni upande huohuo tuliokuwa tunaishi.

Jua lilirudi mchana uleule, kali, kama hakuna kilichotokea. Barabara hazikuonekana. Kila mti mkubwa ulikuwa umeng'oka au umekatika kiunoni, na nyaya za umeme zimesokotana kwenye matawi. Jiji la watu zaidi ya 130,000 halikuwa na umeme karibu lote. Baadaye ilihesabiwa kwamba tulipoteza zaidi ya nusu ya kivuli cha miti ya jiji. Hilo linaniuma mpaka leo. Mtaa wetu ulikuwa wa watu wa kipato kidogo, hatukuwa na bustani wala viyoyozi vya kueleweka. Miti ile ndiyo iliyokuwa inatufanya tuweze kukaa nje jioni.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye nyasi. Ndani kulikuwa kumelowa, dari zinaning'inia, na hakuna aliyejua kama kuta zilizobaki zitasimama. Tulitandika mikeka na magodoro yaliyopona, wengine wakalala kwenye magari yasiyovunjika. Kwa kuwa jiji lilikuwa giza na mwezi ulikuwa unachelewa kuchomoza, nyota zilijaa angani namna ambayo watoto wangu hawakuwahi kuziona Marekani. Ni zile siku za Agosti ambazo vimondo huanguka kila mwaka. Mwanangu wa katikati alivihesabu mpaka usingizi ukamchukua.

Jumanne asubuhi Bibi alipita kwa kila mtu akiuliza swali moja: friza yako ina nini?

Lazima nieleze friza zetu. Mtu aliyeishi kwa mgao wa unga na maharage, akipata kazi na friza, huijaza. Tulikuwa tunanunua mbuzi mzima kwa mkulima, tunagawana familia nne. Kulikuwa na samaki, kuku, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa na kugandishwa kwenye mifuko. Joto lilikuwa karibu nyuzi 30, umeme hauna habari ya kurudi, na barafu haikupatikana popote. "Leteni yote," alisema. "Kesho mtakuwa mnazika."

Vijana walichukua matofali yaliyoporomoka ukutani, wakayapanga mistari miwili. Bibi akawaambia wapande waende kwenye majiko ya umeme, yaliyokuwa hayana kazi tena, wachomoe zile waya za chuma za kuwekea vyombo ndani ya oveni. Zililetwa nyingi, zikalazwa juu ya matofali moja baada ya nyingine, na hapo uchanja wa kukaushia nyama kwa moshi ukapatikana. Kisha akaanza kuchagua kuni, na hapo ndipo nilipomtazama kwa makini. Matawi yalikuwa yamejaa kila mahali, mtu angesema chukua lolote. Yeye aliinama, akachubua gamba kwa ukucha, akanusa. Msonobari aliukataa kwa sababu utomvu wake unatia nyama uchungu. Mbao za paa alizikataa pia, zina rangi na dawa. Mti wa mwaloni ulioanguka nyuma ya jengo aliukubali, ingawa ulikuwa mbichi, akaamuru uwashwe kwa vijiti vikavu na uachwe utoe moshi bila kuwaka. Nyama aliipasua kwa kufuata nyuzi zake, vipande virefu vyembamba kama mkanda, akaisugua chumvi pande zote mbili, akaitandaza bila kipande kimoja kugusa kingine. Kisu chake kilikuwa kifupi na kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea hadi kikabaki chembamba. Alitoka nacho Nyarugusu.

Nyama iliyokuwa imeshayeyuka sana haikuwekwa kwenye moshi. Ilipikwa siku ileile kwenye sufuria kubwa za harusi, tukala wote. Majirani wetu Wamarekani walileta soseji zao kwa aibu kidogo. Bibi alizipokea kwa mikono miwili na kuzipanga pembeni ya uchanja. Tulikula ugali na sombe na soseji. Ile nyama ya moshi ilitushikilia mpaka mwisho wa wiki.

Kilichotukosesha raha zaidi kuliko njaa kilikuwa ukimya. Mtandao wa simu ulikuwa umekufa. Hatukujua chakula kinagawiwa wapi, hatukujua kama kuna pahali pa kulala, na wazee waliokuwa wanahitaji dawa za sukari hawakujua wazipeleke wapi zipoe. Jumatano nilipanda gari na jirani mmoja kwenda kusini kutafuta petroli na mawasiliano, maana pampu za kwetu hazikuwa na umeme. Njia nzima mahindi yalikuwa yamelala chini, yote yameelekea mashariki. Mimi ni mtoto wa wakulima. Nilimwomba jirani asimame kidogo, nikashuka nikashika bua moja: shina lilikuwa limevunjika juu kidogo ya mizizi, na gunzi lilikuwa bado bichi. Lisingekomaa tena.

Tulipokaribia Iowa City simu yangu ilianza kutetemeka mfululizo. Ujumbe wa dada yangu wa Kigoma, wa shemeji aliyeko Bukavu, wote ni salamu tu za kawaida. Hakuna aliyekuwa amesikia habari. Nilipompigia dada na kumwambia hatuna paa, tunalala nje, alinyamaza, kisha akauliza, "Mko Marekani bado?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kusema watoto wazima.

Kufikia Ijumaa mahema yalikuwa yameletwa na watu wa kujitolea, na maturubai ya buluu. Nilisimama nikayatazama yakifungwa kamba. Nilikulia chini ya turubai, nilifanyia kazi za shule chini ya turubai, na niliapa wanangu hawatalala chini yake. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya haki, na sijaiacha. Jiji tajiri lenye viwanda lilichukua siku nyingi mno kufika kwenye uwanja wetu, na waliofika kwanza hawakuwa watu wa ofisi, walikuwa watu wenye malori yao na misumeno yao. Walipokuja wenye karatasi za kubandika mlangoni kwamba jengo halikaliki, karatasi zilikuwa za Kiingereza. Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kusimama mbele ya mahema na kusoma kwa sauti: hii inasema utoke, hii inasema namba ya kupiga, hii usiisaini mpaka nimeimaliza. Mrundi mmoja alisimama kando yangu akirudia kwa Kirundi.

Tarehe 17 Agosti rais wa wakati ule, Donald Trump, alitangaza Iowa kuwa eneo la maafa, na siku chache baadaye msaada kwa kaya za kaunti yetu ya Linn ukaidhinishwa. Ndipo fomu zikaanza, na wengi wetu hatukuwa na bima ya mpangaji. Shule zilisubiri mpaka Septemba. Familia yangu ilipata fleti upande wa kaskazini. Bibi alichukuliwa na mwanawe kwenda Des Moines, na huko bado anaulizwa na vijana habari za kukausha samaki.

Kuanzia mwaka 2021 idara ya hali ya hewa ya Marekani inatuma onyo la dharura kwenye simu pale dhoruba ya radi inapotarajiwa kuleta upepo wa uharibifu, kilomita 129 kwa saa au zaidi. Onyo huja kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo tumefungua kundi la WhatsApp, mimi na yule Mrundi na dada mmoja Mnyarwanda. Simu ikilia, tunarekodi sauti kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda: shukeni chini, kaeni mbali na madirisha, mpigieni mlango mzee wa jirani. Mwezi wa Mei, kabla joto halijaanza, tunafanya jaribio moja, na asiyejibu tunamfuata nyumbani.