Kenny Dorham, sauti ya chini

Jumapili, saa nne usiku. Mvua iliyoanza mchana imekatika, watoto wamelala, nami nimevaa hedfoni nasikiliza albamu ya Quiet Kenny kwa mara ambayo nimeshaacha kuihesabu. Nimeona leo niandike. Wiki nzima nimekuwa nikimtaja Kenny Dorham kwa kila anayekaa karibu nami, na karibu wote wameniuliza hivyo hivyo: ndiye nani huyo?

Kwetu ukisema jazz, wazee watakutajia Western Jazz au Morogoro Jazz, na wana haki yao. Zile zilikuwa bendi za dansi, na bado nazipenda. Jazz ninayoisema hapa ni ile ya Wamarekani Weusi, iliyokuwa ikipigwa New York kuanzia miaka ya 1940. Dorham alizaliwa Texas mwaka 1924, akafika huko akiwa kijana, akaishi na tarumbeta yake mpaka alipofariki mwaka 1972.

Mimi nimekulia kwenye matarumbeta ya kanisa, Kilimanjaro. Alfajiri ya Pasaka tulikuwa tunapuliza makaburini kabla jua halijatoka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, midomo imevimba. Nilikuwa napiga sauti ya pili. Kwa hiyo ninapomsikiliza mpiga tarumbeta, sikio langu haliendi kwanza kwenye noti za juu. Linakwenda kwenye namna anavyoianza noti. Wengi huigonga kwa ulimi, ikatoka kama msumari. Dorham huianza kama mtu anayefungua mlango usiku asiwaamshe waliolala. Pumzi hutangulia kidogo, ukiwa makini unaisikia, halafu sauti inakuja ikiwa tayari ina joto. Wapo waliosema sauti yake ni nyembamba, haina mng'aro. Naielewa hoja yao, ila nadhani walikuwa wanatafuta mng'aro kwa mtu ambaye hakuwa anauhitaji.

Quiet Kenny ilirekodiwa siku moja, tarehe 13 Novemba 1959, kwenye studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey. Ni watu wanne tu: Dorham, Tommy Flanagan kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi, Art Taylor kwenye ngoma. Hakuna saksafoni ya kujificha nyuma yake. Lotus Blossom, utungo wake mwenyewe, unaanza kwa mdundo wa Kilatini kisha unageuka kuwa swing, ule mdundo wa jazz unaobembea, na yeye anapita pale katikati bila kuhema. Lakini ninaourudia zaidi ni Alone Together. Ni kama dakika tatu tu. Anaupiga wimbo wenyewe, polepole, karibu bila mapambo. Kuna mahali anaishikilia noti ndefu, inaanza kufifia, unadhani amemaliza, kumbe bado ipo, imebaki kama uzi. Nimejaribu kuipuliza noti ya namna ile chumbani kwangu. Ikifika nusu inanikatikia.

Historia yake inaniuma kidogo. Karibu kila mahali alipoingia, aliingia kwenye kiti cha mtu mwingine. Mwisho wa 1948 aliingia bendi ya mpiga saksafoni Charlie Parker kuchukua nafasi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, na mwaka uliofuata walikwenda pamoja Paris. Alikuwa mmoja wa walioianzisha bendi ya Jazz Messengers na mpiga ngoma Art Blakey na mpiga piano Horace Silver, ila alikaa muda mfupi. Mpiga tarumbeta Clifford Brown alipokufa kwa ajali ya gari mwezi Juni 1956, mpiga ngoma Max Roach, aliyekuwa akiongoza bendi pamoja naye, alimwita Dorham. Fikiria kusimama mahali pale mwaka ule, watu bado wanalia, kila unachopiga kinapimwa kwa marehemu. Alisimama na akapiga kwa namna yake. Ila ukiingia kwa kuziba pengo, watu huendelea kuliona pengo.

Kwa anayetoka kwenye dansi letu, mlango rahisi ni albamu ya Afro-Cuban ya 1955. Kuna konga za Carlos Valdés, wenyewe wakimwita Patato, zinazochemka chini ya vyombo vya kupuliza, na yeyote aliyekua na rumba atatikisa bega kabla hajajua anasikiliza nini. Dansi la huku nalo lilinyonya sana kwenye santuri za Kuba, kwa hiyo undugu upo. Pia kuna rekodi ya 1958 ambayo Dorham anaimba. Sauti yake ya kuimba ni ya kawaida tu, siwezi kuisifu zaidi ya hapo, ila imenisaidia: jinsi anavyotamka maneno ndivyo anavyotamka noti.

Halafu kuna mwaka 1963. Aprili alirekodi albamu ya Una Mas, akawaweka pamoja mpiga piano Herbie Hancock na Tony Williams, mpiga ngoma aliyekuwa na miaka 17. Kwenye saksafoni alimleta kijana aitwaye Joe Henderson. Miezi miwili baadaye kijana yule akarekodi albamu yake ya kwanza, Page One, Dorham akiwa pembeni yake. Wimbo unaoifungua ni Blue Bossa. Aliutunga Dorham. Huenda ndio utungo wake uliosafiri kuliko yote. Kila anayejifunza jazz huupitia mapema, vipimo kumi na sita tu vya muziki, kwenye ufunguo wa C ndogo (C minor). Na kwa kuwa santuri ina jina la Henderson, wengi hudhani wimbo ni wa Henderson. Dorham ndiye aliyeandika hata maelezo ya nyuma ya jalada, akimtambulisha mdogo wake kwa ulimwengu.

Mwaka uliofuata alirekodi Trompeta Toccata, na hiyo ikawa albamu yake ya mwisho kama kiongozi. Aliishi miaka minane zaidi. Aliandika uhakiki kwenye jarida la Down Beat, akaugua figo, zikamuua akiwa na miaka 48. Miaka minane bila rekodi yenye jina lake, na pumzi ile ingalipo! Hapo ndipo huwa navua hedfoni na kukaa kimya kidogo.

Mpwa wangu ana miaka 15, naye amejiunga na matarumbeta ya kanisa lile lile, wamempa sauti ya pili. Jumatano nilimtumia Alone Together kwenye simu. Akanipigia, baada ya shikamoo akauliza, "Mjomba, mbona huyu hapulizi kwa nguvu?" Sikumjibu, nikamwambia achukue tarumbeta yake ajaribu kuipata ile noti ndefu kwa sauti ile ile ya chini.

Leo baada ya ibada amenipigia tena. Anasema amejaribu siku tatu, noti inakatika kila mara, na mama yake ameanza kulalamika. Nimemwambia Jumamosi nitapanda mlimani. Tutakaa nje, mbali na nyumba, tuanze na pumzi tu, tarumbeta ikiwa chini kwenye nyasi.