Yoga ya chumbani kwa mwenye mgongo wa cherehani

Jamani naona maswali ya yoga yamekuwa mengi, kila anayekuja kuchukua nguo lazima aniulize, shoga ile miguu unaikunjaje, unatumia video gani, halafu la mwisho analiuliza kwa kunong'ona akiangalia mlangoni, hivi hiyo kitu haina mambo ya Kihindi ndani yake? Sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja huku nguo za watu zimenilalia mezani naandika yote hapa, na ntaanza na hilo la kunong'ona, maana ukiishi Ngamiani hapa Tanga huanzi kitu kabla hujajua dini inasemaje.

Asili yake India, hilo halina ubishi, na kwa Mabaniani imechanganyika na ibada toka enzi na enzi. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia likatoa katazo kwa Waislamu, shida yao kubwa ikiwa ni kule kuimba maneno ya Kihindu na kuchanganya ibada humo humo. Mwaka uliofuata, 2009, maulamaa wa Indonesia nao wakakaa, wakasema yenye kuimba na ibada hapana, ya mazoezi ya mwili matupu haina neno. Halafu 2017 Saudia yenyewe, Saudia hii ya Makka na Madina, ikaitambua yoga kama mchezo na watu wakaruhusiwa kufundisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waislamu wote wamekataa au wote wamekubali ujue kadandia katikati ya safari. Mimi nilimuuliza ustadhi anayemsomesha mwanangu madrasa, akaniuliza, ukiwa humo unatamka nini? Nikamwambia sitamki kitu ustadhi, nahesabu pumzi tu. Akasema basi nenda kanyooshe mgongo wako mama, na zile sare za watoto lini zinakuwa tayari.

Mimi video zikianza kuimba ile om ya Kihindu nazima sauti nabaki na picha. Na ule mfululizo wanaouita wa kusalimia jua nauacha, sina ugomvi nao ila mikao mingine ipo tele sioni sababu ya kujitia mashakani. Wewe una dini yako na mwalimu wako, kamuulize.

Haya, kilichonipeleka huko ni cherehani. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye cherehani ya miguu kuanzia mwezi wa 12 mpaka shule zifunguliwe hawezi kunielewa, shingo imeinama, mabega yamekuja mbele, mguu unakanyaga, jicho kwenye sindano, na mama wa watu kasimama mlangoni anakwambia si ulisema leo. Jioni ukinyanyuka kiuno hakinyanyuki na wewe, kinakuja baadaye. Katikati ya mafupa ya mabega pale panawaka moto. Nikaenda hospitali, wakapiga picha mifupa mizima, nikapelekwa kwa dada mmoja wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, akanipigisha magoti na mikono chini akasema vuta pumzi shusha tumbo, toa pumzi pinda mgongo juu, rudia taratibu. Basi. Dawa ndo hiyo. Nikarudi nyumbani nimenuna nikijua nimedharauliwa, nauli nimetoa halafu naambiwa nijipinde, kumbe zoezi lenyewe ndo lile lile watu wa yoga wanaliita paka na ng'ombe, na mgongo wangu ulilipokea kabla mimi sijalikubali.

Kitu ambacho nataka mtu anayeanza akielewe, yoga sio kujikunja. Zile picha za Instagram za mtu kasimama kwa kichwa jua linazama nyuma yake zimetuharibia sana, unaangalia unasema mi na mwili huu siwezi, unafunga simu. Yule Patanjali, mwalimu wa zamani wa India ambaye mafundisho yake ya yoga ndo wanayarejea kila siku, mkao wa mwili kauzungumzia kwa maneno machache mno, uwe thabiti na uwe wa raha, yaani hapo hakuna cha kichwa chini wala mguu shingoni. Hii mikao mingi ya kufululiza mnayoiona kwenye video imetengenezwa sana kule Mysore miaka ya 1930, kulikuwa na mwalimu anaitwa Krishnamacharya akifundisha kwenye jumba la mfalme wa huko, na wanafunzi wake ndo wakaja kuisambaza duniani. Mmoja wao ni B.K.S. Iyengar, kazaliwa 1918, utoto wake ulikuwa wa maradhi tu, malaria, taifodi, kifua kikuu, mwili dhaifu, na huyo huyo ndo akaja kuvipa umaarufu vifaa vya kumsaidia asiyefika, mikanda, vitofali vya mbao, viti. Mi huyu nampenda bure. Asiyefika anapewa mkanda, haambiwi ajikaze.

Na mkanda sisi tunao, kanga. Kaa chini nyoosha miguu, ikunje kanga kwa urefu iwe kama ukanda, ipitishe kwenye nyayo, shika ncha mbili, nyoosha mgongo kwanza ndo uiname kidogo kutokea kwenye nyonga. Sio kutokea kwenye shingo! Watu wanaangusha kichwa magotini wanaona wamefika kumbe mgongo umepinda vile vile ulivyopinda kwenye kazi. Kama unaendesha baiskeli kila siku, na hapa Tanga nani haendeshi, utasikia nyuma ya mapaja panavuta mpaka utamke, hapo kunja magoti, hakuna anayekudai.

Mkeka je. Mkeka wa ukili unapendeza kwenye picha lakini kwenye tailizi unateleza mpaka unakukimbia, ukiweka mikono mbele unakuta unasafiri. Wangu nimeutibu hivi, nilienda kwa fundi baiskeli akanipa tyubu iliyochoka, ile yenye viraka mpaka haishiki kingine, nikaipasua nikaiosha na sabuni maana ina unga unga ndani na harufu, nikakata vipande vya kama kiganja, nikavishona chini ya mkeka kwenye pembe zote nne na viwili katikati kwa sindano nene ya mkono na uzi wa nailoni. Usijaribu kwa cherehani, raba inang'ang'ania chini ya mguu wa cherehani na sindano itakatika. Sasa mkeka hauondoki. Chini ya magoti naweka kanga iliyokunjwa kwa sababu ukili unachora mistari kwenye ngozi. Kama una pesa ya mati ya dukani nunua, sikatai, ila usiseme hujaanza kwa sababu huna mati.

Tukirudi kwenye miili yetu, hivi mmewaangalia bibi zetu? Bibi yangu mzaa mama kule Pangani anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi mbili tatu, ananyanyuka bila kushika ukuta. Anaosha vyombo kachuchumaa, kisigino kimekaa chini chote, anaongea na jirani, hana habari. Ule mkao wa kuchuchumaa wenzetu kwenye madarasa ya yoga wanaufanyia kazi kweli kweli, sisi tulikuwa nao ndani ya nyumba, tumeupoteza kwenye viti na masofa. Mimi mwanzo nilikuwa nikichuchumaa visigino vinanyanyuka, nikawa naviwekea kitambaa kilichokunjwa chini, kila baada ya muda napunguza mkunjo mmoja.

Sasa unaanzaje. Anza na pumzi, na hapa msinirukie. Kaa umeegemea ukuta au lala chali, mkono mmoja tumboni, vuta kwa pua tumbo linyanyuke, hesabu nne, toa taratibu hesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, ndo kunakotuliza moyo. Ukiona unahema juu juu kifuani mabega yanapanda ujue hapo ndo unapoishi kutwa nzima, wengi wetu ndo tulivyo. Mi hiki kipande peke yake nakifanya hata dukani mteja akinichanganya.

Halafu paka na ng'ombe niliyoisema, pole pole, pumzi ndo inaongoza. Kisha mkao wa mtoto, unakaa juu ya visigino unainama mbele paji la uso chini, kwa anayeswali mwili unaijua njia, wasioweza kufika waweke mto. Kisha mkao wa mbwa, yule ambaye kila mtu anamwogopa. Unatoka kwenye mikono na magoti, unanyanyua makalio juu, kichwa kinaning'inia katikati ya mikono. Kosa la karibu kila mtu ni kulazimisha visigino viguse chini, magoti yamekaza, mgongo umetoka kibyongo. Achana na visigino. Kunja magoti kabisa, sukuma sakafu kwa viganja vidole vimetanuka, peleka makalio juu na nyuma mpaka usikie kwapa linafunguka na mgongo unarefuka. Visigino vitakuja vyenyewe au visije. Viganja vikiuma, na mafundi wenzangu wa mkasi mtanielewa, fanya kwa kuegemea ukingo wa meza au mikono ukutani, faida ni ile ile. Mkao wa mti nao upo, wa kusimama mguu mmoja, shika mlango.

Mwisho unajilaza chali mikono pembeni umeachia kila kitu. Jina lake kwa Kisanskriti ni savasana, mkao wa maiti, sasa hapa kwetu ukimwambia mtu lala mkao wa maiti ataanza kusoma Inna lillahi, mi nasema kujilaza tu. Usiuruke. Kwa mwanamke mwenye watoto na duka huu ndo mgumu kuliko yote, unalala unawaza vifungo, umeme unaisha, fulani hajalipa. Acha mawazo yapite, rudi kwenye pumzi.

Wakati wangu ni baada ya alfajiri kabla nyumba haijaamka, tumbo tupu. Ukishakula mihogo ya nazi na chapati yako subiri masaa mawili matatu, la sivyo yule mbwa atakurudishia chai mdomoni. Na joto nalo. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanalipa kuingia chumba kilichopashwa moto mpaka karibu nyuzi 40 ndo wafanye yoga humo, nilicheka mpaka bobini ikaniponyoka, waje Tanga mwezi wa pili umeme umekatika tuwafanyie bure. Wewe fungua dirisha, weka feni, kunywa maji baadaye. Robo saa kila siku inashinda saa zima la Jumapili, na video moja inatosha, ipakue bando likiwepo uifanye hiyo hiyo mwezi mzima, sio kila siku mwalimu mpya.

Na msifanye ubabe. Kuvuta kwa msuli ni sawa, kuchoma au ganzi inayoteremka mguuni sio sawa, simama nenda hospitali. Mwenye presha ya kupanda, mwenye presha ya macho, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, muone daktari kwanza, na mambo ya kichwa chini miguu juu myaache kabisa. Mimi mwenyewe sijayafanya na sina mpango, shingo hii inalisha watu.

Nguo. Ndani umefunga mlango vaa unachotaka, dera halifai tu kwa sababu ukiinama linakufunika kichwa. Leginsi za mitumba zipo za bei poa ila angalia kwenye mwanga, vuta kitambaa, ukiona mkono upande wa pili wacha. Mi najishonea suruali pana ya kitambaa cha jezi, chini nabana kwa lastiki isipande mpaka gotini, na katikati ya miguu natia kipande cha pembe nne, bila hicho mshono utaachia siku ya kwanza ukichuchumaa. Lastiki ya kiuno iwe pana, nyembamba inakata tumbo. Wanaotaka kushonewa waje na kitambaa chao, krepu sipokei, na vipimo ntavichukua umechuchumaa, sio umesimama umevuta tumbo ndani.