Kichwa cha treni ya mfano kinasuasua na kutoa cheche: tatizo lilikuwa komuteta

Kichwa ni cha Tri-ang cha zamani (kampuni ya Uingereza ya treni za mfano), kipimo cha OO (kidogo mara 76 kuliko treni halisi), volti 12 za DC, kimepakwa rangi upya. Kilisuasua, kikatoa cheche na harufu ya kuungua, na kikavuta ampea 0.9 bila behewa hata moja.

Hapa Tanga chumvi ya bahari ndiyo hulaumiwa kwanza, na kweli reli za chuma hushika kutu upesi. Lakini nyaya zilipounganishwa moja kwa moja kwenye mota, hali ilikuwa ileile, reli hazikuhusika. Mota ilipofunguliwa na kutenganishwa na gia, magurudumu yalizunguka kwa kidole bila kukwama, basi gia nazo hazikuhusika.

Ikabaki komuteta, yaani vipande vya shaba kwenye mhimili wa mota vinavyopokea umeme na kuupeleka kwenye koili. Mianya mitatu kati ya vipande vyake ilijaa unga wa kaboni uliochanganyika na oili, nao hupitisha umeme na kuleta shoti ndogo. Niliikwangua kwa kijiti cha meno, kamwe si sindano ya chuma, nikafuta kwa spiriti. Rota (sehemu ya mota inayozunguka) sikuitoa: sumaku za mota hizi hupungua nguvu zikibaki wazi bila rota. Kisha pima kwa mita kila jozi ya vipande. Jozi moja ikisoma chini sana kuliko nyingine, koili imeshika shoti, na hapo dawa ni kuisuka upya waya wake. Hii ilisoma sawa zote.

Brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyogusa komuteta na kuipa umeme, zilikuwa zimelowa oili, nikazibadilisha. Kuzisafisha ni kujichosha. Mwisho, tone moja la oili ya cherehani kila beringi, kwa ncha ya sindano. Sasa kinavuta ampea 0.45 na kinaanza kutambaa kwenye volti 4.