Nilivyopima unyevu ndani ya mfuko wa mahindi bila betri

Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu Dodoma na Manyara. Tangu hapo mama yangu mdogo, anayehifadhi mahindi Kibaigwa, hana mchezo na unyevu. Anatumia mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Ukishaufunga hewa haipiti, na wadudu wanakufa kwa kukosa oksijeni. Tatizo ni kwamba kujua hali ya ndani lazima ufungue, na ukifungua umeshaingiza hewa. "Mwanangu, nitafutie namna ya kuujua unyevu bila kugusa kamba," aliniambia.

Nikaamua kutengeneza kipimo kidogo cha kukaa ndani ya mfuko, ila betri sikuitaka. Ingeisha siku moja tukarudi kulekule kwenye kufungua mfuko, na betri inayovuja katikati ya chakula ni hatari. Mawimbi ya redio, kwa upande mwingine, yanapenya nailoni na yanapita kwenye nafaka kavu, kwa hiyo niliamua yawe ndiyo yanayokiletea kifaa umeme.

Kwanza nilitazama yale yaliyomo hewani tayari. Seattle, mwaka 2009, Alanson Sample na Joshua Smith waliendesha kipimajoto chenye kioo cha kuonyesha namba kwa mawimbi ya mnara wa televisheni ulio umbali wa kilomita 4.1, wakavuna takriban mikrowati 60. Inatia moyo, ila mnara ule ulikuwa unarusha kilowati 960! Ghalani kwetu hakuna mnara wa namna hiyo jirani, kwa hiyo niliweka transmita (kirusha mawimbi) yangu ya wati 2 kwenye masafa ya 866 MHz, antena ikitazama rundo la mifuko. Vifaa vingi vya Marekani vya kuvuna mawimbi vinatumia 915 MHz. Niliviacha, maana kwetu simu zinaongea na minara kati ya 880 na 915.

Kazi kubwa ilikuwa antena ya kupokelea. Hewani, nusu ya wimbi la 866 MHz ni kama sentimita 17. Ndani ya mahindi wimbi linafupika, hivyo antena iliyokatwa kwa kipimo cha hewani inakuwa ndefu mno. Niliizika kwenye ndoo ya mahindi makavu, nikaunganisha NanoVNA, kifaa kidogo kinachochora antena inapokea vizuri kwenye masafa gani, nikawa napunguza waya milimita kwa milimita, pande zote mbili sawasawa, huku bonde la mchoro kwenye kioo, linaloonyesha masafa hayo, likisogea taratibu hadi likakaa penye 866. Nikailehemu kwenye dayodi za Schottky zinazogeuza mawimbi kuwa umeme wa DC, kama ule wa betri.

Umeme unaopatikana hapo ni mdogo sana. Mita 3 kutoka kwenye transmita, mbele ya antena wazi, hesabu inatoa kama miliwati 0.4, ukitoa upotevu wa nafaka na wa dayodi, shika miliwati 0.1. Haiwezi kuwasha redio ya kutumia ujumbe hata kidogo. Ndiyo maana kapasita ndiyo roho ya kifaa: ni kibubu cha umeme, kinaweka kidogo kidogo kisha kinatoa kwa mkupuo. Ya mikrofaradi 470, ikishuka kutoka volti 3.3 hadi 2.2, inatoa milijuli 1.4. Kupima unyevu na kutuma ujumbe mfupi hakufiki milijuli 1. Kwa hiyo kifaa kinalala, kinajaza kwa sekunde kumi na kitu, kinapima, kinatuma, kinalala tena.

Anayetaka kujenga asiruke swichi ya volti kati ya kapasita na mikrokontrola, ile kompyuta ndogo inayoendesha kifaa. Bila hiyo, mikrokontrola inajaribu kuamka volti ikiwa bado chini na inakula kila kinachoingia, kapasita isijae kamwe. Swichi yangu inafungulia kwenye 3.3 na kukata kwenye 2.2.

Sasa mama mdogo anasoma unyevu kwenye simu. Unyevu wa hewa iliyo kati ya punje ukikaribia asilimia 70, ukungu unaweza kuota, basi mfuko huo peke yake ndio unaofunguliwa na mahindi kuanikwa upya. Mifuko ya katikati kabisa ya rundo mawimbi hayaifikii vya kutosha, na umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inabaki robo. Kwa hiyo tumepanga mifuko safu mbilimbili na kuacha njia kati ya safu, na vifaa vinakaa upande unaotazama njia.