Bastola ya polisi na rangi ya geti

Shemeji yangu alikuwa ameshika mbavu ya mbuzi nilipomwambia nimenunua bastola ya polisi iliyotumika. Akaiweka chini. Akatazama meza ya jirani, akatazama mlango wa baa, kisha akaniinamia: "Shemeji, wewe umeanza lini mambo hayo?"

Simlaumu. Nairobi ukitamka "bastola ya polisi" na "nimenunua" kwa pumzi moja, mtu anaona pingu. Silaha ya polisi wetu ni mali ya serikali, haina soko; anayeiuza na anayeinunua safari yao ni moja, kizimbani. Yeye alifikiria yale marundo ya bunduki haramu yaliyochomwa Ngong mwaka 2016, akaona yangu nayo ingefaa kuwa juu ya kuni zile.

"Ya polisi wa Ujerumani," nikamwambia. "Wa jimbo la Nordrhein-Westfalen."

"Hiyo sasa ndiyo wapi?"

Nikamwambia ale kwanza.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi huku Eastlands: misumari, rangi, mabati, kufuli. Leseni ya bastola niliichukua baada ya kuvamiwa dukani jioni moja tukihesabu pesa, na mwaka 2018, Desemba, Waziri Fred Matiang'i alipoamuru wenye silaha wote wachunguzwe upya, nilipanga foleni kama wengine. Kwa hiyo mlango wa Bodi ya Leseni za Silaha naujua. Nilichokuwa nacho ni Ceska, bastola ya Kicheki, na hapo sijasema kitu, maana Nairobi kila bastola ni Ceska hata kama haikutoka kiwandani Uherský Brod. Lakini Ceska yangu ilikuwa nene, na mimi tumbo langu limekuwa kubwa. Nilitaka kitu chembamba.

Mzee mmoja tunayekutana naye uwanjani Kirigiti, kule Kiambu tunakolenga shabaha, aliniita pembeni. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, akaamua kurudisha leseni kabla hajaambiwa. "Kijana wangu," akasema, "nina P6 yangu. Sitaki iende kwa mtu wa mbwembwe." Nina miaka 51. Kwa mzee huyo bado ni kijana.

P6 ni jina la kipolisi. Kiwandani ni SIG Sauer P225. Baada ya maafa ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, polisi wa Ujerumani Magharibi waliona vibastola vyao vya milimita 7.65 havitoshi, wakataka kitu cha milimita 9, kifupi, kisicho na kitufe cha usalama cha kusahau wakati wa hatari. Zikapita tatu: Walther wakatoa P5, SIG Sauer P6, Heckler & Koch P7, na kila jimbo likachagua yake. Miaka ya 2000 polisi wa Nordrhein-Westfalen walipohamia Walther P99, P6 zao zikaanza kuuzwa kwa raia wa nchi mbalimbali. Mzee aliipata kwa muuzaji mwenye leseni hapa hapa mjini, ikiwa tayari na maisha yake.

Sasa, kabla sijaigusa: karatasi. Cheti cha umiliki kinataja silaha yako kwa namba yake, si "bastola" tu. Kwa hiyo huwezi kumpa mzee pesa na kuondoka nayo kiunoni, hata mkiwa mnafahamiana miaka 20. Tulipitia kwa muuzaji mwenye leseni: yeye akaipokea kutoka kwa mzee, ikakaa kwenye sefu yake, mimi nikaomba ruhusa upya. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi, alama za vidole vyote kumi, Sh1,050. Daktari. Maswali yale yale: unaiweka wapi, nani mwingine ana ufunguo, mkeo anajua? Mama Njeri alipigiwa simu akajibu, "Ninajua, na sitaki kuiona." Nadhani jibu hilo lilinisaidia kuliko barua zote nilizopeleka. Miezi mitano ikapita. Ukiwa na haraka, nunua mbwa.

Siku ya kuiona, muuzaji aliiweka kwenye kitambaa juu ya kaunta. Nyeusi ti, kama sufuria mpya. Ilinipendeza kwa sekunde mbili hivi. Halafu nikaiinua, nikanusa.

Harufu hiyo naijua. Nauza mikebe yake, ipo rafu ya tatu mkono wa kulia ukiingia: rangi nyeusi ya kupuliza, isiyong'aa, wanayonunua watu wa mageti na madirisha. Mtu alikuwa ameipaka bastola ya Ujerumani rangi ya geti!

Nilimpigia mzee. Kimya kidogo, kisha akacheka kwa aibu. "Kulikuwa na kutu ubavuni, nikaona vibaya kukuuzia kitu kina madoadoa."

Kwa kazi yangu nimeona hili mara elfu. Mteja ana geti linalokula kutu, ananunua rangi badala ya msasa, baada ya mvua ya Aprili anarudi kulalamika kwamba rangi ni feki. Rangi haina kosa. Kutu haifi kwa kufunikwa. Inafanya kazi yake kimyakimya mle ndani kama mchwa. Ningeikuta bastola ile na madoadoa yake wazi, ningelipa bei ya kwanza bila kubisha. Kwa ajili ya ile rangi, sikujua kilicho chini, nikaomba bei ishuke, na ikashuka. Mzee wa watu alijipunguzia pesa kwa mkebe wa bei ndogo.

Ndani nilitazama kwa tochi kabla ya kukubali, na hiyo ndani ndiyo iliyonifanya nikubali. Mifereo ya mtutu, ile mikunjo inayoizungusha risasi, ilikuwa mikali, kingo zake zimesimama. Silaha za polisi huwa hivyo: hubebwa kila siku, hulia mara chache. Nje huchakaa kwa kuingia na kutoka kwenye ala, ndani hubaki msichana. Upande wa slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, kulikuwa na herufi NRW, kifupi cha lile jimbo, na chini ya rangi vidole vyangu vikahisi muhuri wa mwezi na mwaka. Nyundo yake ina pengo dogo la ajabu kwenye ncha. Inasemekana ilitengenezwa hivyo ili bastola ikianguka na kugonga kwa nyundo, ncha ipinde, na fundi wa kituo ajue kwamba fulani aliiangusha akanyamaza. Wajerumani hawamwamini mtu, hata askari wao.

Kuna kazi ambazo sikugusa. Sheria yetu haimruhusu mtu asiyesajiliwa kutengeneza silaha, na fundi wa jua kali, hata awe na mkono wa dhahabu, usimpelekee, utamfunga na wewe ufungwe. Springi ya slaidi, springi za magazini mbili (vile vibweta vya risasi), na ile pini iliyoviringwa inayoshika kipande cha ndani cha slaidi, vyote nilimwachia fundi wa duka lile lile. Slaidi ya P6 si chuma kimoja kilichochongwa. Ni bamba lililokunjwa, na moyo wake umeingizwa ndani ukafungwa kwa pini hiyo. Ya kwangu ilikuwa imeshika kutu ya rangi ya chai. Alipoitoa alinionyesha kwenye kiganja: "Hii ndiyo ingekusumbua, siyo madoadoa."

Usafi ulikuwa wangu. Jumamosi mchana, watoto kwa shangazi yao, nikakaa veranda ya nyuma penye hewa. Risasi zote zilibaki kwenye sefu chumbani, zimefungwa, sikuleta hata moja mezani. Nikatoa magazini. Nikavuta slaidi, nikaifunga nyuma, nikatazama chemba, nikaingiza kidole, nikatazama tena. Halafu nikamwita Mama Njeri atazame naye. Akasema tumekubaliana hataki kuiona. Nikatazama mara ya tatu mwenyewe.

Kuifungua ni rahisi mno: kishikizo kilicho upande wa kushoto juu ya kifyatulio unakizungusha chini, slaidi inateleza mbele na kutoka mkononi, springi, ufito wake, mtutu. Vipande vinne juu ya gazeti. Vibao vya plastiki vya mpini niliving'oa mapema kwa sababu thina ingevila. Chini ya vibao nilikuta vumbi la nguo lililolowa mafuta likawa kama sufi, na punje za mchanga. Huo mchanga ulipanda ndege kutoka Ujerumani au ni wa Kiambu, kila mtu achague.

Thina kwenye kitambaa cha pamba ikaanza kuondoa rangi. Inatoka kama masizi, unasugua hadi vidole vyako vinageuka vyeusi, halafu ghafla chini yake kunaonekana weusi mwingine, wa zamani, wenye ubuluu kidogo ukielekeza kwenye jua. Nilisimama hapo nikaitazama. Karibu na mdomo wa mtutu ule ubuluu ulikuwa umefutika kabisa, chuma cheupe, mahali ala ilipokuwa ikiulamba kila siku. Upande wa kushoto ndipo kutu ilipokuwa, madoa saba, makubwa yake kama mbegu ya pilipili.

Msasa hapana. Steel wool ninayouza ya kusugulia sufuria hapana pia, inakwangua kutu pamoja na ule weusi. Mafuta mepesi niliyatoa kwenye cherehani ya Mama Njeri, nikayatia kila doa tone moja, nikaacha usiku kucha. Na kwenye mkebe wake wa vifungo nikapata dawa niliyoambiwa na fundi: senti kumi ya zamani, ile pana yenye kichwa cha Mzee Jomo, ya mwaka 1966. Ni shaba iliyochanganywa na nikeli, laini kuliko chuma cha bastola lakini ngumu kuliko kutu. Unaisimamisha kwa ukingo wake, unasugua ndani ya mafuta, polepole, mviringo mdogo mdogo. Mafuta yanageuka rangi ya kahawa. Unafuta, unatia tone jingine. Doa la kwanza lilinichukua muda wa redio kusoma taarifa ya habari yote pamoja na michezo. Yalipotoka yaliacha vishimo vidogo, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Vitabaki.

Ndani ya slaidi grisi ilikuwa imekauka ikawa kama gundi ya ng'ombe. Mafuta ya taa na mswaki mkuukuu vikaimaliza, vijiti vya meno vikachokoa kona. Mtutu nilipitisha brashi yake kutoka upande wa chemba, kisha vitambaa. Cha kwanza kilitoka kijani na cheusi, cha tano kijivu, cha kumi na moja kikatoka kilivyoingia. Nikafuta kila kitu, nikapaka utando mwembamba wa mafuta pale chuma kinapoteleza juu ya chuma, nikaifunga, nikajaribu vifaa vyake bila risasi, ikarudi kwenye sefu. Muhuri sasa unasomeka: 3/81. Mimi mwezi huo nilikuwa darasa la kwanza.

Kirigiti tulienda na mzee mwenyewe, yeye kama mtazamaji. Risasi ya kwanza ya P6 inatoka kwa kuvuta kifyatulio kizito na kirefu, kwa sababu kidole ndicho kinachoinua nyundo, na mimi niliyezoea kuanza na nyundo ikiwa juu nikaipeleka chini kushoto, nje ya karatasi. Mzee akakohoa. Saba zilizofuata, kwa mita kumi, zingefunikwa na sahani ya chai. Tukazungushiana darubini.

Kisha akaishika, tupu, slaidi ikiwa nyuma. Akaigeuza ubavu wa kushoto, akapitisha gumba kwenye vile vishimo.

"Ungeacha rangi," akasema.

"Mzee, nauza hiyo rangi."

Akacheka hadi akaketi.

Shemeji bado ananiomba nimwonyeshe, na bado namjibu kwamba haijakuwa kitu cha kuonyeshana kwenye nyama choma. Senti kumi iko kwenye kisanduku cha brashi. Mama Njeri ameshauliza mara mbili ilikokwenda, na mafuta ya cherehani bado hajayauliza.