Neno "sitaki" kwenye ubao wa picha

Ubao wa kwanza niliomtengenezea mwanafunzi wangu, aguse picha badala ya kutamka, ulijaa vyakula: uji, maji, samaki, ugali wa muhogo, embe. Nilivipiga picha kwa simu, nikachapisha steshenari hapa Lindi mjini, nikabandika kwenye manila. Binti ana miaka 9 na mtindio wa ubongo. Anaelewa tunayosema, ila kinywa hakimtii. Baada ya wiki tatu akawa anausukuma ubao mpaka chini.

Nikasema hajaelewa. Kumbe nilimpa maneno ya kuombea chakula tu, na mtu hashindi kutwa akiomba chakula. Anakataa, anauliza, anaita, anasema panauma.

"Sitaki" huwezi kuipiga picha. Nikachukua michoro ya ARASAAC, inayotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania, nikapanga upya: sitaki, basi, tena, bado, njoo, nini, wapi, panauma. Vyakula nikavipeleka pembeni. Kila neno lilibaki mahali pake siku zote, mkono ulizoee.

Nikaacha pia kumtahini, "nionyeshe maji". Nikawa nagusa picha mimi mwenyewe huku naongea: njoo, tena, basi. Mtoto anayesema husikia maneno kama mwaka mzima kabla ya kutamka lake la kwanza. Huyu nilimdai majibu siku ya kwanza! Nikimuuliza kitu, nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu ulimi wa mwalimu unawasha.

Mama yake alihofu: "Mwalimu, akizoea picha si ndiyo hatasema kabisa?" Nilimweleza kuwa mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za jambo hilo. Katika watu 27 waliowachambua, hakuna aliyepungukiwa usemi kwa sababu ya njia hizi, na wengi waliongeza.

Mwezi wa pili, saa ya uji, alisukuma bakuli kama kawaida yake. Sote tulizoea kusema anadeka. Nikasogeza ubao, nikasubiri. Akagusa "sitaki". Akatulia, kisha "panauma", na mkono ukapanda shavuni. Jino la nyuma lilikuwa limeoza.

Sijui alikaa nalo siku ngapi huku tukimlazimisha uji wa moto.

Jioni mama yake aliomba ubao wa pili, wa nyumbani, na picha ya bibi iwekwe karibu na "njoo".